Dawa Inapozoewa: Somo Kuhusu Saratani ya Damu



Somo la safari hii ni saratani ya damu ya watu wazima, ile inayokwenda polepole, na kwa nini dawa yake hufika mahali ikakataa kufanya kazi. Tunalileta kwenu kwa sababu huku Tana ugonjwa huu hujificha nyuma ya mwingine. Mtu akivimba bandama, akikonda na kutoka jasho usiku, wengi wetu husema ni malaria ya zamani. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini bandama isipopungua baada ya matibabu, mgonjwa aombe kupimwa hesabu ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila maikrolita ya damu. Mwenye ugonjwa huu anaweza kupita 100,000.

Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Marekani, watafiti wawili waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika damu ya wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley akaeleza sababu: vipande vya kromosomu namba 9 na 22 vimebadilishana mahali. Hapo huzaliwa jeni mbovu inayoziamuru chembe nyeupe zizaane bila kukoma. Si uchawi, na mtu hamwambukizi mwenzake.

Dawa iitwayo imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizima amri hiyo. Katika utafiti mkubwa wa kimataifa, zaidi ya wagonjwa 80 kati ya kila 100 walioanza nayo walikuwa hai baada ya miaka 10. Hapa Kenya, wengi waliipata bure katika kliniki ya The Nairobi Hospital, kwa mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation. Bure, ndiyo, lakini nauli ya Garsen hadi Nairobi nani alilipa?

Sasa tuje kwenye usugu. Wafugaji wanajua habari za josho. Ukizimua dawa ya kupe ili ubane matumizi, kupe dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa wenzao. Klorokwini nayo mnaikumbuka: Kenya iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, vimelea vilipokwisha kuizoea. Chembe za saratani ni vivyo hivyo. Jeni ile mbovu hubadilika umbo kidogo, na dawa haipati tena pa kushika. Badiliko moja, T315I, huzishinda hata dawa mbili zilizofuata, dasatinib na nilotinib. Hapo huhitajika nyingine kama ponatinib, na bei yake jamani! Kuna pia jeni iitwayo MDR1, inayotengeneza pampu ya kutoa dawa nje ya chembe, kama mtu anayekumba maji kwenye mtumbwi unaovuja. Hii huwasumbua zaidi wagonjwa wa saratani ya damu ile kali, hasa wazee. Watafiti walijaribu kuiziba pampu hiyo, lakini majaribio mengi hayakuleta faida iliyotarajiwa.

Tusimlaumu kila mgonjwa. Wengine humeza kila siku na bado jeni hubadilika. Hata hivyo, uchunguzi wa London uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba waliokosa kidonge kimoja au zaidi katika kila vitano, hapana hata mmoja aliyefikia kiwango cha usafi wa damu kinachotafutwa na madaktari. Na kukosa kwetu si uvivu. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara, na vidonge haviogelei. Wengine huacha kwa sababu wamepata nafuu, ati wamepona. Nafuu hiyo ni kazi ya dawa. Asiache mpaka daktari aseme.

Maswali ya kujadiliana kikundini: Je, kijijini kwetu nani anameza dawa ya kila siku, ya ugonjwa wowote? Kabla ya masika, ana akiba ya miezi mingapi? Mfuko wa kikundi unaweza kumkopesha nauli ya kliniki bila riba? Na barabara ikikatika, ni nani mwenye mtumbwi atakayekwenda kumletea?