Prosesa Mbili za Gigahezi Tatu: Ipi Yastahili Bei Yake?

Mwaka 1975 kituo cha kufua umeme cha Kidatu kilianza kazi, na awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 mashine zake nne zilifikia uwezo wa megawati 204. Mwaka mmoja kabla ya maji ya Ruaha Mkuu kuzungusha mashine ya kwanza, yaani mwaka 1974, Serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na uzoefu wa miaka ile tisa ulionyesha kwamba gharama ya chombo hicho haikuishia kwenye bei ya kukinunua. Palikuwa na vipuri, matengenezo, wataalamu wa kigeni, na fedha za kigeni za kugharimia hayo yote. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini swali lililoizaa halijazeeka: je, kompyuta hii itafanya kazi kiasi gani, na kwa gharama ipi kwa jumla?

Siku hizi anayeuliza swali hilo si Hazina peke yake. Ni mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa miwa, au mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala katika mji wa Kidatu. Aghalabu fedha aliyo nayo haitoshi kununua kompyuta mpya, kwa hiyo huangalia za mtumba. Muuzaji humwonyesha makasha mawili yanayofanana. La kwanza lina prosesa ya Pentium 4 namba 530. La pili lina Core 2 Duo namba E8400. Zote mbili zimetengenezwa na kampuni ya Intel ya Marekani, na zote mbili zimeandikwa gigahezi 3. Ya kwanza ni rahisi zaidi. Mnunuzi huona kwamba namba ni ileile, akachukua ya bei nafuu.

Yafaa kueleza kwa nini namba hiyo haimpi jibu analolitafuta.

Pigo na kazi

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu. Kazi yake huongozwa na mapigo ya umeme yanayokwenda sawasawa, mithili ya ngoma ya wapiga makasia. Gigahezi 3 maana yake ni mapigo bilioni 3 kwa kila sekunde. Namba hiyo basi hueleza wepesi wa mapigo. Haielezi kazi inayofanyika katika kila pigo.

Mkazi wa Kidatu anaweza kulielewa jambo hili kwa kukitazama kiwanda cha sukari. Muwa hupimwa, hukatwakatwa, hukamuliwa. Maji yake husafishwa, huchemshwa yakawa mazito, na hatimaye chembe za sukari hutengwa. Hatua zote hizo huendelea kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na mzigo wake. Prosesa nayo ni kiwanda cha namna hiyo: amri moja inaposomwa, nyingine inafasiriwa, nyingine inatekelezwa, nyingine inahifadhi jibu lake.

Wahandisi waliotaka mapigo ya haraka zaidi waliigawa kazi katika hatua ndogo ndogo. Hatua ikiwa ndogo humalizika upesi, na mstari mzima waweza kwenda mbio. Pentium 4 za kwanza, zilizotoka mwaka 2000, zilikuwa na hatua 20. Namba 530, iliyotoka mwaka 2004, ina hatua 31. E8400, iliyotoka Januari 2008, ina hatua 14 tu.

Hasara ya mstari mrefu huonekana programu inapofika penye njia panda. Chukulia programu ya matokeo ya mtihani yenye amri hii: alama zikiwa 30 au zaidi, andika amefaulu, zikipungua, andika ameshindwa. Prosesa haiwezi kusimama kungoja jibu huku hatua zake zote zikikaa bure, hivyo hukisia njia na kuanza kuishughulikia. Mara nyingi hukisia sawa. Ikikosea, yote iliyokwisha kuingiza mstarini kwa kufuata njia ile hutupwa na kazi huanza upya. Kiwanda chenye hatua 31 hutupa mengi zaidi kuliko chenye hatua 14, na makosa haya hutokea mamilioni ya mara kwa sekunde.

Upana wa mlango nao ni tofauti. E8400 hufasiri amri hadi nne kwa pigo moja. Pentium 4 hufasiri moja, na kwa zile zinazorudiwarudiwa hutegemea ghala dogo la amri zilizokwisha kufasiriwa. Tena kumbukumbu ya ndani ya E8400, ambamo prosesa huweka vitu inavyovihitaji mara kwa mara, ni megabaiti 6 dhidi ya megabaiti 1 ya mwenzake. Matokeo ya haya yote ni kwamba katika kazi nyingi kiini kimoja cha E8400 hufanya takriban mara mbili ya kazi ya Pentium 4 kwa mapigo yaleyale. E8400 ina viini viwili.

Hapa pana mtego mdogo. Pentium 4 530 ina ufundi wa kuendesha nyuzi mbili za kazi kwa pamoja katika kiini chake kimoja, na kwa sababu hiyo kompyuta huonyesha kana kwamba ina prosesa mbili. Muuzaji anayemwonyesha mteja picha hiyo hasemi uongo, lakini kiini kinabaki kimoja.

Joto la Kidatu

Umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka ukiwa joto. Hakuna hata wati moja inayobaki ikaitwa hesabu. Kiwanda hutangaza kiasi cha joto ambacho bamba na feni ya kupozea lazima viweze kukiondoa: wati 84 kwa Pentium 4 530, wati 65 kwa E8400. Namba hizi si kipimo halisi cha matumizi ya kila dakika, bali zinakaribiana na matumizi ya wakati wa kazi nzito.

Ajabu ni kwamba ile inayotoa joto zaidi ndiyo yenye vijenzi vichache. Pentium 4 530 ina transista milioni 125. E8400 ina milioni 410. Tofauti imo katika utengenezaji. Transista za mwaka 2004, za nanomita 90, zilivujisha umeme mwingi hata zilipokuwa zimefungwa, kama bomba lenye kilango kilichochakaa. Katika zile za nanomita 45 Intel iliweka kizuizi chenye madini ya hafni ili kupunguza uvujaji huo. Zaidi ya hayo, ukoo wa Core ulitokana na Pentium M, prosesa iliyobuniwa katika kituo cha Intel cha Haifa, Israeli, kwa ajili ya kompyuta za kubeba zinazotegemea betri. Waliobuni kwa kuhesabu kila wati ndio walioishinda njia ya mapigo ya haraka. Intel yenyewe iliachana na mrithi aliyekusudiwa wa Pentium 4 mwaka uleule wa 2004.

Kidatu iko chini ya milima ya Udzungwa, ukingoni mwa bonde la Kilombero, na chumba cha bati kisicho na dari kikifika nyuzijoto 35 mchana hakimshangazi mtu. Kiasi cha joto ambacho bamba huondoa hulingana na tofauti iliyopo kati ya joto lake na la hewa. Chukulia bamba linaloruhusiwa kufika nyuzi 70. Katika chumba cha nyuzi 20 tofauti ni 50; katika chumba cha nyuzi 35 tofauti ni 35, yaani saba ya kumi. Bamba lililotosha kuondoa wati 84 katika chumba cha kwanza litaondoa takriban wati 59 katika cha pili. E8400 ikiwekewa bamba hilohilo itapungukiwa wati 6, ambazo feni yaweza kuzifidia kwa kuzunguka kwa kasi zaidi. Pentium 4 itapungukiwa wati 25.

Prosesa haitaungua, kwa maana imewekewa kinga: joto likipita kiasi, huruka baadhi ya mapigo yake mpaka ipoe. Mnunuzi aliyelipia gigahezi 3 hupata pungufu ya hizo kila alasiri bila kujua. Katika majira ya kuvuna, miwa inapochomwa kabla ya kukatwa, masizi yake mepesi huingia madirishani na kuziba nafasi za bamba, na hali huzidi kuwa mbaya. Kupuliza vumbi hilo kila baada ya wiki chache ni tiba isiyo na gharama, nayo husahauliwa kuliko zote.

Hesabu ya LUKU

Chukulia shule yenye kompyuta 20 zinazofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 200 kwa mwaka. Tofauti ya wati 19 kwa kila prosesa ni wati 380 kwa chumba kizima, na kwa saa 1,600 ni uniti 608. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, iliyotangazwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida kabla ya kodi, hizo ni shilingi 177,536 kwa mwaka. (Ujirani na kituo cha umeme haupunguzi kitu, umeme wa Kidatu huingia gridi ya taifa na kurudi kwa bei ya wote.)

Kiasi hicho kikigawanywa, ni shilingi 8,877 kwa kila kompyuta, ama shilingi 26,630 kwa miaka mitatu. Si fedha nyingi. Mwenye kutaka kuokoa umeme tu huenda akafaidika zaidi kwa kuondoa vioo vya kizamani vya mirija, kwa kuwa kioo cha inchi 17 cha aina hiyo hula wati 70 hivi, na kioo bapa cha ukubwa huo hakifiki nusu yake.

Lakini hesabu hiyo imezipima prosesa kana kwamba zinafanya kazi sawa. Ikipimwa kazi, sura hubadilika. Jedwali linaloichukua Pentium 4 saa nzima litamla umeme wa wati 84 kwa saa 1. E8400, hata ikitumia kiini kimoja, italimaliza kwa nusu saa hivi: wati 65 kwa saa 0.5, yaani uniti ndogo 32.5 badala ya 84. Na kompyuta ikiwa haina kazi, ikimngoja mwanafunzi abonyeze kitufe, E8400 hupunguza mapigo yake hadi gigahezi 2. Pentium 4 530 ya mwanzo haikupewa uwezo huo.

Kwa anayeandika barua mbili kwa siku, tofauti hii haina uzito, na Pentium 4 aliyo nayo tayari isitupwe. Kwa wenye takwimu nyingi mambo ni mengine. Huko Ifakara, kituo cha utafiti wa afya kimekuwa kikiandikisha vizazi, vifo na uhamaji wa watu wa vijijini tangu mwaka 1996. Kazi ya namna hiyo hukipima kiini vilivyo.

Mizigo inayongoja

Prosesa nzuri yaweza kukaa bure. Kidatu ndipo reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, inapokutana na tawi la reli ya kati litokalo Kilosa, lenye upana wa milimita 1,000. Kwa sababu ya milimita 67 behewa haliwezi kupita, na kituo cha kuhamishia mizigo kilifunguliwa hapo mwaka 1998. Gari moshi liwe na mbio namna gani, mzigo hungoja kupakuliwa. Ndivyo ilivyo E8400 yenye kumbukumbu ndogo na diski ya zamani inayozunguka: hungoja. Kuiongezea kumbukumbu mpaka gigabaiti 4 na kuibadilishia diski iwe ya elektroniki huleta nafuu ambayo mtumiaji huiona siku hiyohiyo.

Mafundi hushawishika kufanya badiliko jingine. Prosesa zote mbili hukaa katika soketi ya ncha 775, kwa hiyo yaonekana rahisi kung'oa Pentium 4 na kupachika E8400. Itaingia, kwa kawaida haitawaka. Bodi nyingi za mwaka 2004 hazina mpangilio wa umeme wala wa mapigo unaohitajiwa na Core 2. Namba ya bodi ichunguzwe kwanza.

Upo pia umri wa programu. Pentium 4 530 hufanya kazi kwa biti 32 pekee, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haitoi tena njia ya kujisakinisha katika mitambo hiyo. E8400 ni ya biti 64 na huipokea. Huduma ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na matoleo ya Windows 11 tangu mwaka 2024 hudai amri ambazo hata E8400 haina. Pentium 4 basi haifai kununuliwa kwa bei yoyote. E8400 yafaa kwa bei ndogo tu, na kwa mwenye kukubali kutumia Linux.

Aliye tayari kununua aende na kazi yake mwenyewe katika kidude cha kuhifadhia, kwa mfano jedwali la matokeo ya shule nzima, aiendeshe na kuipima kwa saa ya mkononi. Jaribio lifanyike mara mbili, saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kasha likiwa limefungwa. Kompyuta iliyomaliza kwa dakika kumi asubuhi na dakika kumi na tano mchana irudishwe kwa muuzaji, au ifunguliwe hapohapo na bamba lake likaguliwe masizi kabla ya kuzungumza bei.