Paka Wako na Chungu cha Maua

Mji Mkongwe paka ni wenyeji: barazani wapo, Forodhani wapo, na hosteli akishaingia mmoja hatoki. Chumba cha mwanachuo nacho siku hizi hakikosi ua dirishani. Basi tuyajue maua yenyewe, maana si yote salama.

Kwanza, difenbakia na pothosi, ile inayoota hata kwenye chupa ya maji. Ndani mna vijisindano vya kalsiamu oksaleti. Paka akitafuna, mdomo unamuwaka na udenda unamtoka. Anaumia, ila ni nadra kufa.

Pili, mshubiri. Kwetu ni dawa. Kwake yale maji ya manjano chini ya ganda humtapisha na kumharisha.

Tatu, waridi la jangwani. Utomvu wake huvuruga moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupikia sumu ya mishale kwa mti wa jamii hii.

Nne, na baya kuliko yote: yungiyungi la mashada, Lilium. Hapa hata kutafuna si lazima. Chavua ikimwangukia manyoyani, akajilamba tu, figo zinaweza kufa ndani ya siku chache. Matibabu hufaa yakiwahi, kwa hiyo usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na kipande cha ua. Usimpe panadoli; nayo ni sumu kwake.

Unataka ua chumbani? Weka asumini. Inanukia, na paka haimdhuru.