Somo: Ua la Buluu na Jina Lake



Mvua zikikolea hapa Ufipa, mabonde yenye majimaji hujaa majani mabichi. Humo huonekana ua dogo la buluu, lenye petali nne na manjano katikati. Majani ya mmea wake hukaa mawili mawili, yakielekeana.

Siku moja tulilipeleka ua hilo darasani tukauliza, "Hili linaitwaje?" Mama mmoja akajibu, "Hayo ndiyo majani machungu, dawa ya tumbo." Mzee mmoja akapinga, "Hapana, mama. Majani machungu ni yale ya maua meupe, kule mlimani." Wote wawili walisema kweli. Jina lilikuwa moja, mimea miwili.

Hapo ndipo penye hatari. Ukimtuma mtoto akachume "majani machungu", ataleta yapi? Mgonjwa atakunywa yapi? Uchungu peke yake hauonyeshi kwamba jani ni dawa. Hata sumu huweza kuwa chungu.

Wataalamu hukwepa kosa hilo kwa kuupa kila mmea jina la Kilatini, linalotumika dunia nzima. Mmea mmoja wa namna hii, uotao katika nchi nyingi za Afrika, huitwa Exacum oldenlandioides. Ni wa jamaa ya jenshiana, inayojulikana kwa uchungu. Jamaa hiyo ilipewa jina la Gentius, mfalme wa zamani huko Ulaya. Wazungu nao hutumia mzizi wa jenshiana moja kwa dawa ya tumbo, lakini ua la hiyo ni la manjano. Jamaa moja, mimea mbalimbali!

Je, jina la Kilatini linatosha? Tuangalie Usambara, mkoani Tanga. Huko kuna ua la msituni la rangi ya buluu na zambarau. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Wendland, aliliandika kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya afisa wa Kijerumani, Saint Paul, aliyelipeleka kwao. Leo hupandwa katika vyungu duniani kote. Wasambaa waliishi na ua hilo kabla afisa huyo hajazaliwa, lakini kitabuni limo jina lake yeye. Kilichoandikwa ndicho kilichobaki.

Sisi nasi sasa tunajua kuandika. Kazi ya juma hili ni hii:

1. Nenda bondeni na mzee anayejua mimea. Chukua daftari na kalamu.
2. Andika jina la ua kwa Kifipa. Andika rangi yake, umbo la majani, mahali linapoota na mwezi linapochanua.
3. Muulize mzee wa kijiji kingine. Je, majina yanalingana?

Tahadhari: usinywe mmea kwa kufuata jina tu. Mgonjwa apelekwe zahanati.

Wazee wanaojua majina haya wanapungua. Jina lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe. Tusingoje.