Siku ya Kuvua Kambare: Ipangeni Mkiwa Wawili

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi katika jumuiya ni haya: mama anasema baba hana siku na watoto, na baba anasema kila akipanga kuwatoa, nyumba inageuka kuwa ya ugomvi. Leo tuchukue mfano mmoja mdogo, safari ya familia kwenda kuvua kambare karibu na Kisumu. Sisi watu wa pande za ziwa tunamwita mumi.

Nitaanza na kosa letu wenyewe. Mara ya kwanza nilipanga safari hiyo peke yangu. Nilimwambia mama watoto usiku wa kuamkia siku yenyewe, naye akaamka saa kumi kukaanga chapati huku amenuna. Tulikwenda kwenye bwawa la kufugia samaki. Mimi nikashika mshipi, yeye akashika sufuria. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka 3. Mara nikasikia mama watoto akiuliza, "Baba, mtoto yuko wapi?" Nikamjibu, "Si yuko na wewe?" Kijana aliyekuwa akilisha samaki ndiye aliyemwona, akamvuta kwa mkono akiwa tayari amezama hadi kidevuni. Njia nzima ya kurudi tulitupiana lawama, na siku mbili hatukusemezana. Ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa mzembe kuliko mwenzake. Kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia.

Kwa hiyo, jambo la kwanza mtakaloketi kupanga si ndoana wala chambo. Semeni kwa jina nani anamwangalia nani, na kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Aliye zamu hashiki mshipi, hapiki, hapokei simu. Zamu ikiisha, anamwambia mwenzake kwa mdomo, "Mtoto ni wako sasa," na anangoja ajibiwe. Sisi tulifanya hivyo safari ya pili, na jambo lililonishangaza ni kwamba mama watoto, alipokuwa hana zamu, alivua samaki wengi kunishinda.

Msidanganyike na udogo wa bwawa. Mabwawa mengi ya samaki, yakiwemo yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali ulioanza 2009, yana kina cha karibu mita 1. Mtu mzima anaona si kitu, lakini kina hicho kinamfunika mtoto wa miaka 3. Na pale palipotandikwa karatasi ya nailoni, kingo zinateleza kama sabuni, hata mkubwa hupata taabu kutoka.

Hata hivyo, penye watoto mimi nachagua bwawa kuliko ziwa. Dunga ni pazuri na ni karibu na mji, na kambare wanapenda sana kingo za mafunjo. Lakini kambare hula zaidi usiku, kwa hiyo mvuvi huvutwa kukaa hadi giza, na hizo ndizo saa ambazo kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi. Tena kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu akisimama tu kwenye maji ya ufuoni, kwa hiyo mtoto asiachwe achezee humo. Baba anayetamani ziwa aende siku nyingine na wanaume wenzake, akiisha kuuliza ofisi ya uvuvi kuhusu kibali. Hiyo aipange kwa heshima kama safari yake, asiiite ya familia.

Juu ya fedha, ongeeni kabla ya kutoka. Penye mabwawa ya watu, mara nyingi unalipia samaki uliyemvua kwa kilo, na kambare mmoja anaweza kupita kilo 2. Ulizeni bei mapema na mkubaliane mtarudi na samaki wangapi. Mume akijionyesha kwa samaki watano mbele ya watoto, kisha mke akose nauli ya wiki, safari imeharibika.

Vifaa ni vichache: ufito, mshipi wa nailoni, ndoana, na chubwi kidogo ili chambo kikae chini, maana kambare hutafuta chakula matopeni. Macho yake hayamfai sana humo. Hupapasa kwa ndevu zake nane na kufuata harufu. Nyungunyungu wanatosha, au utumbo wa kuku. Watoto wapewe kazi ya kuchimba nyungunyungu jana yake, nayo kwao ni nusu ya furaha.

Mtoto asimshike kambare aliyenaswa. Nyuma ya kichwa, kila upande, pezi lake lina mwiba mgumu unaochoma vibaya. Na msifikiri amekufa kwa kuwa yuko nchi kavu. Ana kiungo cha kupumulia hewa, hukaa hai muda mrefu akiwa na unyevu. Wetu mmoja aliruka kutoka kwenye ndoo ndani ya matatu, na abiria wakainua miguu wote.

Mwezi wa Agosti unafaa, kwa kuwa shule zimefungwa na njia ni kavu kuliko wakati wa masika. Chagueni Jumamosi, mfike asubuhi, mwondoke kabla ya saa kumi. Chakula kiwe cha kubeba, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na chai ya thamosi, ili asiwepo mtu wa kukaa jikoni.

Mkifika nyumbani, samaki ni kazi ya baba na watoto. Hana magamba, ila ana utelezi. Msugueni kwa chumvi na ndimu, mtoeni matumbo, mkateni vipande. Mama aketi, aletewe maji ya kuoga, na aitwe ugali ukiwa mezani.