Draiva inajibu 0, mota bado inazunguka kizamani

Ndani ya BeagleBone Black kuna prosesa kuu ya 1 GHz inayoendesha Linux, na pembeni PRU mbili za 200 MHz. Mzunguko mmoja wa PRU ni nanosekunde 5, ndiyo maana mapigo ya mota tunaipa yenyewe. Linux ina mambo mengi, inaweza kuchelewa.

Draiva ikiita rproc_boot(), kerneli inachukua faili la programu kutoka /lib/firmware, inalipakia kwenye PRU na kuiwasha. Kuzima ni rproc_shutdown(). Rahisi, eti?

Siku mbili kabla ya kutetea mradi, nilibadilisha programu ya PRU, nikaondoa draiva, nikairudisha. rproc_boot() ikajibu 0, yaani poa. Mota ikabaki na mwendo uleule wa zamani. Nikalaumu waya, nikalaumu adapta, usingizi ukaota mbawa.

Kumbe kerneli inahesabu. Kila rproc_boot() inaongeza 1, kila rproc_shutdown() inapunguza 1, na PRU inazimwa hesabu ikifika 0 tu. Kwenye remove ya draiva yangu sikuweka shutdown. Hesabu ilibaki 1, nilipoirudisha ikawa 2. Kerneli ikikuta PRU tayari inakimbia haipakii kitu kipya, inajibu 0 na kwenda zake.

Kagua na probe pia: ukishawasha, hatua inayofuata ikashindwa, zima kabla ya kurudisha kosa. Kisha ondoa draiva, usome faili la state la PRU hiyo ndani ya /sys/class/remoteproc. Likisema running, bado unadaiwa shutdown moja.