Somo la wiki: Kompyuta ya nyumbani ni ghala, ilindwe kama ghala

WAFANYABIASHARA wadogo wengi siku hizi hutunza hesabu zao katika kompyuta iliyoko nyumbani. Humo ndimo ilimo orodha ya wadaiwa, bei za jumla na ankara za wauzaji. Kwa walionunua hisa, humo pia zimo taarifa za dalali na kumbukumbu za akaunti ya CDS. Hata hivyo, mali ya biashara inapoorodheshwa, mashine hiyo huandikwa kwa bei ya kununulia tu, kisha hupunguzwa uchakavu mwaka hadi mwaka. Kilichomo ndani yake hakiandikwi kabisa.

Hilo ni kosa la hesabu, na huzaa kosa la pili: fedha za ulinzi huenda kwenye mashine badala ya kumbukumbu.

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Tuseme kompyuta yake ina thamani ya Sh 700,000, na ndani yake imo orodha ya mafundi na makandarasi wanaodaiwa jumla ya Sh 6,000,000. Mashine ikiungua, hasara inayoonekana ni Sh 700,000. Lakini orodha ikipotea nayo, wadaiwa waaminifu watalipa, na wengine watasema walishamaliza deni. Mwenye duka hatakuwa na cha kuwaonyesha. Akishindwa kukusanya theluthi moja tu, amepoteza Sh 2,000,000, karibu mara tatu ya bei ya kompyuta.

Kuna pia upande wa kodi. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Kompyuta nyingi za bei nafuu huchoka kabla ya muda huo kwisha.

Funzo la mwaka 2017

Matukio mawili ya mwaka 2017 yanaonyesha vizuri wapi hasara hutokea.

Tarehe 12 Mei mwaka huo, virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kuenea. Viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 za Windows katika nchi zipatazo 150, vikafunga mafaili na kudai fidia ya dola 300 kwa bitcoin. Nchini Uingereza, hospitali ziliahirisha upasuaji na miadi ya wagonjwa. Lakini kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi 2 kabla. Marekebisho hayo yalitolewa bure. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuyaweka.

Tukio la pili ni la tarehe 27 Juni. Virusi vya NotPetya vilianzia Ukraine, vikipitia programu ya hesabu za kodi iliyotumiwa na makampuni mengi huko. Miongoni mwa walioathirika ni Maersk, kampuni ya meli za makontena ya Denmark. Ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000, na ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300.

Kampuni kubwa kama hiyo haikukosa nakala. Tatizo lilikuwa kwamba seva zilizotunza orodha kuu ya watumiaji wa mtandao wake zilikuwa zimeunganishwa na kunakiliana, hivyo zote zikafutwa kwa pamoja. Ilipona moja tu, katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya virusi kufika. Diski yake ilibebwa kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza, na mtandao ukajengwa upya kutoka hapo.

Kwa mwenye kompyuta moja nyumbani, funzo ni lile lile. Marekebisho huzuia mashambulizi mengi, lakini si yote. Yanapopita, nakala inayookoa ni ile ambayo haikuwa imeunganishwa.

Nakala kwanza

Kanuni inayotumika sana ni ya 3, 2, 1: kumbukumbu ziwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 iwe mbali na nyumbani. Kwa mfanyabiashara mdogo, nakala ya kwanza ni ile iliyomo katika kompyuta. Ya pili huwekwa katika diski ya nje, ambayo huchomekwa wakati wa kunakili tu, kisha huchomolewa na kufungiwa kabatini. Diski inayoachwa imechomekwa siku zote itafungwa na virusi pamoja na kompyuta.

Ya tatu inaweza kuwa katika hifadhi ya mtandaoni, kama vile OneDrive au Google Drive. Izingatiwe kwamba hifadhi hizo hufuata kinachofanyika katika kompyuta: faili likiharibika huku, toleo lililoharibika hupelekwa kule. Matoleo ya zamani hutunzwa, lakini kwa muda tu. Kwa hiyo hifadhi ya mtandaoni haichukui nafasi ya diski ya kabatini. Asiyetaka kutumia mtandao anaweza kuweka diski ya pili kwa ndugu anayeaminika.

Nakala isiyojaribiwa haihesabiki. Mara moja kwa mwezi, diski ichomekwe katika kompyuta nyingine isiyo na virusi na faili moja la hesabu lifunguliwe. Likifunguka na tarakimu zikiwa sahihi, mwenye mali ana nakala.

Umri wa Windows

Microsoft hutoa marekebisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi. Wengi huyakwepa kwa kuogopa kumaliza kifurushi cha intaneti. Windows ina mahali pa kuieleza kwamba mtandao unalipiwa kwa kipimo, nayo hupunguza upakuaji. Mpangilio huo unaokoa fedha, lakini ukiachwa hivyo mwezi hadi mwezi, marekebisho mengi hayaingii. Njia nzuri ni kuuondoa usiku mmoja kila mwezi, kwa kifurushi kilichonunuliwa kwa kazi hiyo, na kuiacha mashine imalize.

Kila toleo lina mwisho wake. Windows XP iliacha kuhudumiwa tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani wa Windows 10, Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha ili marekebisho ya usalama yaendelee hadi tarehe 13 Oktoba 2026.

Hili linamhusu sana mnunuzi wa kompyuta zilizotumika. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya diski isiyopungua GB 64. Kwa prosesa za Intel, zinazokubaliwa ni kuanzia kizazi cha 8. Muuzaji akitaja bei ya chini kwa mashine ya kizazi cha 6 au cha 7, mnunuzi ahesabu pia kwamba atalazimika kununua nyingine mapema.

Windows ya wizi nayo si nafuu. Programu za kuvunja leseni mara nyingi humtaka mtumiaji azime kwanza ulinzi wa kompyuta. Hakuna mwenye ghala anayemwambia mlinzi aende zake ili mgeni asiyemjua aingie.

Milango na funguo

Kompyuta ya nyumbani hutumiwa na watu wengi. Watoto huingiza michezo, wageni huchomeka flashi zao. Inafaa iwepo akaunti ya msimamizi, inayotumika tu kuweka programu, na akaunti za kawaida kwa kazi za kila siku. Watoto wapewe yao, isiyofungua mafaili ya duka.

Ulinzi dhidi ya virusi umo tayari ndani ya Windows 10 na 11, kwa jina la Microsoft Defender. Kwa watumiaji wengi wa nyumbani unatosha, ilimradi haujazimwa. Flashi yoyote ipitishwe humo kabla ya kufunguliwa. Aidha, Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili. Zikionyeshwa, “ankara.pdf” iliyotumwa na mtu asiyejulikana huenda ikaonekana kuwa ni “ankara.pdf.exe”, yaani programu na si ankara.

Funguo kubwa kuliko zote ni barua pepe, kwa kuwa huko ndiko maneno ya siri ya huduma nyingine hubadilishwa. Iwekewe neno la siri lisilotumika kwingine, pamoja na uthibitisho wa hatua mbili. Na anayepiga simu bila kuombwa akidai anatoka Microsoft na ameona virusi katika kompyuta, akatiwe simu. Microsoft haipigi simu za namna hiyo.

Mashine inapopelekwa kwa fundi, nakala ichukuliwe kwanza. Fundi hahitaji neno la siri la barua pepe wala la akaunti ya dalali.

Umeme na vumbi

Kompyuta ya mezani inahitaji UPS, hata ndogo, ili umeme ukikatika mafaili yafungwe vizuri. Vumbi lipulizwe mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Diski ikianza kugonga au kusaga, isisubiriwe: nakala ichukuliwe siku hiyo hiyo.

Ratiba

Kazi yote hii haihitaji mtaalamu. Kila Ijumaa baada ya kufunga hesabu, mafaili yanakiliwe katika diski ya nje na diski ichomolewe. Kila mwezi, baada ya Jumanne ya pili, marekebisho yawekwe na nakala ijaribiwe. Kila mwaka, wakati wa kuhesabu mali, iangaliwe tarehe ya mwisho ya toleo la Windows linalotumika, ili fedha za mashine mpya zianze kutengwa mapema.

Diski ya nje iandikwe katika daftari la matumizi sawa na kufuli la duka. Mfanyabiashara anayeona bei yake ni kubwa aifungue orodha ya wadaiwa, ajumlishe, kisha alinganishe.