Elimu ya Mifugo: Chafya ya Mbuzi na Maana Yake
Vumbi likiingia puani mwa mbuzi, au funza wa nzi akitambaa humo, neva ya tano ya kichwa hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo. Kutoka hapo hutolewa amri: misuli ya kifua husukuma hewa kwa nguvu, nayo neva ya saba, yaani neva ya uso, hukaza misuli ya uso. Hivyo chafya ni kinga ya mwili.

Chafya ya vumbi hukoma upesi. Ikiendelea pamoja na homa, kamasi nzito, vidonda vya mdomo na kuhara, yaweza kuwa dalili ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uenezao haraka. Mfugaji amtenge mnyama huyo, asimpeleke mnadani, na amwarifu Afisa Mifugo wa kata bila kuchelewa.